Hallstatt: Wageni wa kulala na wageni wa kupita

HALLSTATT, Austria. Saa 4 asubuhi mabasi huwa yameshajipanga katika kituo cha kusini mwa mji. Milango inafunguka, waongoza watalii wananyanyua bendera ndogo na miavuli iliyokunjwa, na kundi moja baada ya jingine linaingia katika barabara nyembamba inayopita kando ya ziwa. Kushoto ni nyumba zilizopandana juu ya jabali. Kulia ni maji. Hii ndiyo njia kuu ya kufika katikati ya mji kwa miguu kutoka hapa.

Wengi wanaelekea mahali pamoja: kona ya kaskazini ambako ziwa, nyumba za mbao, mnara mwembamba wa kanisa la Kiprotestanti na milima huingia katika picha moja. Wanasimama kwa zamu, wanapigana picha, wanarudi. Njiani kuna vibao vinavyowaomba wanyamaze, kwa sababu ndani ya nyumba hizo wanaishi watu.

Hallstatt ina wakazi wasiofika 800. Kabla ya janga la Uviko-19 ilikuwa ikikadiriwa kupokea wageni karibu milioni moja kwa mwaka, na siku za msongamano mkubwa walifika hadi 10,000. Maana yake ni kwamba katika siku kama hiyo kila mwenyeji, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi wa miaka 90, alikuwa na wageni zaidi ya kumi mlangoni pake.

Ugomvi wa mji huu umeshafika barabarani. Unahusu jambo ambalo kila mji wa kale unaoishi kwa utalii utalazimika kulijibu: nani ni mgeni wa mji, na nani anapita tu?

Kulala ndani ya nyumba ya kale

Njia nzuri ya kuingia Hallstatt ni ile ya zamani. Reli ya Salzkammergut, iliyofunguliwa mwaka 1877, inapita ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki. Ukishuka kituoni unakuta njia ya kuteremka hadi gati, na boti inayosubiri treni. Dakika chache baadaye uko katikati ya ziwa, na mji mzima umesimama mbele yako, umebanwa kati ya maji na ukuta wa mlima.

Hoteli niliyofikia ni nyumba kongwe kadhaa zilizowekwa chini ya usimamizi mmoja, na mojawapo imesimama kwa zaidi ya miaka 500. Hakuna chumba kinachofanana na kingine. Mlango mmoja ni mfupi, mwingine umepinda. Kuta ni nene kiasi kwamba kina cha dirisha kinatosha mtu kukaa na kikombe chake cha chai. Boriti za dari zinaonyesha alama za shoka la fundi aliyezichonga. Ngazi ni nyembamba, na kabla hujapanda na begi unasikiliza kama kuna mtu anayeshuka.

Gari la mgeni halikai katikati ya mji. Mwenye gari huliacha katika maegesho, na hoteli inamchukua yeye na mizigo yake. Mpango huu una usumbufu wake, lakini ndio uliowawezesha watoto kucheza katika uwanja wa soko bila kugongwa.

Jioni mezani wanaleta samaki wa ziwani. Aina inayosifiwa hapa huitwa Reinanke, nyama yake nyeupe na laini, naye hukaangwa au hufukizwa moshi. Ziwa lina kina cha mita 125 na maji yake ni baridi hata kiangazi, na wavuvi wake ni wachache.

Saa 11 jioni mabasi yanaanza kuondoka. Saa 1 barabara ile iliyokuwa haina pa kuweka mguu inabaki na wazee wawili watatu na mbwa wao. Hapo ndipo unapouona mji wenyewe: maji ya kijito yanayoteremka kwa kasi kati ya nyumba, harufu ya kuni, mtu anayemwagilia mti wa peasi uliofundishwa kutambaa ukutani kwa kuwa bustani hakuna. Anayekuja kwa saa mbili hawezi kuyaona hayo, na si kosa lake. Ratiba aliyouziwa haimpi nafasi.

> "Anayelala hulipa kitanda, chakula, ushuru wa kila usiku na mshahara wa mpishi. Anayepita hununua sumaku ya friji na kuacha takataka."
> Hiyo ndiyo hesabu inayopigwa na wanaotaka mabasi yapunguzwe.

Hesabu hiyo ina ukweli wake. Nyumba ya kale inakula fedha. Austria ina idara ya serikali ya kulinda majengo ya kale, Bundesdenkmalamt, na mwenye jengo lililosajiliwa habadilishi dirisha wala paa bila kibali chake. Chokaa lazima iwe ya aina fulani, vigae vya mbao vipangwe kwa namna fulani, na fundi wa kazi hiyo si wa bei ya chini. Familia ya kawaida huelemewa. Hoteli iliyojaa wageni wa kulala inaweza kubeba gharama hiyo, na kwa njia hiyo nyumba ambayo pengine ingeanguka inaendelea kusimama, ina moto jikoni na watu ndani.

Utajiri uliotoka mlimani

Watalii hawakuujenga mji huu. Ulijengwa na chumvi.

Juu ya paa za nyumba, katika bonde lililojificha mlimani, kuna mgodi unaohesabiwa kuwa mkongwe kuliko migodi yote ya chumvi duniani. Dalili za watu kutafuta chumvi hapa zinarudi nyuma kama miaka 7,000. Mwaka 1734 wachimbaji walikutana na maiti ya mwenzao wa kale, amebanwa ndani ya mwamba, amehifadhiwa na chumvi pamoja na nguo zake. Walimzika, na kazi ikaendelea. Karibuni zaidi, mwaka 2003, watafiti walifukua ndani ya mgodi ngazi ya mbao ambayo miti yake ilikatwa mwaka 1344 na 1343 kabla ya Kristo. Imekaa zaidi ya miaka 3,300 bila kuoza.

Mwaka 1846 msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, aligundua makaburi ya kale katika bonde hilo. Hadi mwaka 1863 alikuwa amefukua karibu makaburi 1,000, na kila alichokiona alikiandika na kuhakikisha kinachorwa kwa rangi, jambo lililokuwa adimu wakati ule. Yaliyopatikana humo yaliwashangaza wasomi hadi wakakipa kipindi kizima cha mwanzo wa enzi ya chuma Ulaya, takriban mwaka 800 hadi 450 kabla ya Kristo, jina la kijiji hiki.

Baadhi ya panga zilizotoka makaburini zina vipini vya pembe za ndovu. Ndovu hawakuwapo katika milima ya Austria. Chumvi iliwapa watu wa huku mkono mrefu wa biashara, na pembe ikapita mikono mingi hadi ikafika kaburini kwa mchimba chumvi. Msomaji wa pwani yetu, anayejua pembe ilivyosafirishwa na ilivyogharimu, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuchemsha maji ya chumvi kulimaliza misitu ya karibu. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1595 mafundi walitandaza bomba la magogo yaliyotobolewa katikati, kama magogo 13,000, kupeleka maji ya chumvi umbali wa kilomita 40 hivi hadi Ebensee, kulikokuwa na kuni. Njia ya bomba hilo bado inatembewa, na maji ya chumvi yangali yanateremka kutoka mlimani hadi leo, ingawa ndani ya mabomba ya kisasa. Wanaoijua Uvinza, Kigoma, ambako chumvi imechemshwa kwa karne nyingi, watayaelewa upesi mahangaiko hayo ya kuni.

Kwa muda mrefu watawala hawakutaka mtu aingie ovyo katika eneo hilo la hazina. Barabara ya ufukweni ilipasuliwa mwambani mwaka 1890 tu. Kabla ya hapo mtu alikuja kwa mtumbwi au kwa njia za miguu. Tangu mwaka 1623 waumini Wakatoliki wamekuwa wakifanya maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi kwa boti ziwani, kwa kuwa mji hauna ardhi ya kutosha msafara kupita.

Ufinyu huo haukuwaacha hata marehemu. Eneo la makaburi ya kanisa ni dogo, kwa hiyo kaburi lilifukuliwa baada ya miaka kadhaa, fuvu likasafishwa, likaanikwa juani, likachorwa maua, majani na jina la mwenyewe, kisha likahifadhiwa katika chumba kidogo pembeni. Humo yamo mafuvu zaidi ya 1,200, na 610 kati yake yamechorwa. La mwisho liliwekwa mwaka 1995. Mgeni mwenye haraka huliona kama jambo la kutisha na kupiga picha. Ukikaa humo kidogo ukasoma majina, unaona koo zilezile zinarudi, baba, mke, mjukuu, na unatambua kwamba hawa ni ndugu za watu unaopishana nao barabarani.

Mwaka 1997 UNESCO iliingiza Hallstatt pamoja na milima ya Dachstein na sehemu ya Salzkammergut katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilomita chache kutoka hapa upo mji wa Bad Ischl, makazi ya kiangazi ya Kaisari Franz Joseph. Humo ndimo alimotia saini tamko la vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai 1914, na vita hiyo haikuchelewa kufika Tanga, Taveta na Ziwa Tanganyika, ikawamaliza wapagazi wetu kwa maelfu. Naitaja kwa sababu eneo hili linauzwa kama ndoto tupu ya milima na maua, nalo lina historia yenye uzito kuliko hiyo.

Mchina aliyekuwa na ramani

Wageni hawakuongezeka kwa ghafla bila sababu. Mwaka 2006 ilionyeshwa tamthilia ya televisheni ya Korea Kusini iliyopigwa picha hapa, na watazamaji wakaanza kuja kuona kwa macho yao. Kisha ikaja habari ya nakala.

Mwaka 2011 mwenye hoteli mmoja mjini aligundua kwamba mgeni wake kutoka China alikuwa na michoro ya majengo ya Hallstatt. Wataalamu walikuwa wamekuja, wakalala, wakapima na kupiga picha, huku wenyeji wakiwadhani watalii. Mwaka 2012 kampuni ya China Minmetals ilifungua mji wa nakala katika wilaya ya Boluo, jimbo la Guangdong, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 940. Kuna ziwa, uwanja wa soko na mnara wa kanisa.

Hasira ya kwanza ya wenyeji ilipopoa, meya wa Hallstatt, Alexander Scheutz, alikwenda kwenye ufunguzi na kutia saini makubaliano ya ushirikiano wa kiutamaduni. Biashara iliona faida mara moja, kwani nakala ile iligeuka tangazo. Aliyeona mji wa Boluo alitaka kuona ule wa asili. Baadaye katuni ya *Frozen* ilipotoka, mitandao ikasema mji wake umechorwa kwa kuiga Hallstatt. Dai hilo halikuhitaji kuthibitishwa ili livute watu.

Mabasi ya watalii, yaliyokuwa chini ya 8,000 mwaka 2014, yalikaribia 20,000 kwa mwaka mwishoni mwa muongo huo.

Uzio wa mbao na handaki lililofungwa

Mwezi Mei 2023 halmashauri iliweka uzio wa mbao pale kwenye kona ya picha ili kuziba mandhari. Ilidhaniwa watu wakikosa picha hawatarundikana. Kelele zilizofuata mitandaoni zilikuwa kubwa, na uzio ukaondolewa.

Agosti mwaka huohuo wenyeji wenyewe waliingia barabarani. Walifunga kwa muda handaki linalopitisha magari kwenye mji, wakiwa na mabango. Madai yao yalikuwa mawili, na yote yanaeleweka: pawepo kikomo cha wageni kwa siku, na basi lisiingie baada ya saa 11 jioni.

> Madai ya wenyeji, Agosti 2023: kikomo cha wageni kwa siku, na mabasi yasiingie mjini baada ya saa 11 jioni.

Upande wa pili una hoja zake. Wenye maduka, waongoza watalii na waendesha boti wanaishi kwa wingi wa watu. Ada za maegesho ni pato la halmashauri, na mji wa watu chini ya 800 usingeweza kutunza ngazi, kuta za kuzuia mawe na vyoo kwa kodi ya wakazi wake peke yao. Wapo pia wanaokumbuka hali ya kabla ya watalii, ajira za mgodini zilipopungua na vijana wakahama. Mtu aliyeona mji wake ukikaribia kufa hana haraka ya kumfukuza mteja.

Meya Scheutz alisimama katikati. Alisema hadharani kwamba angependa wageni wapungue kwa theluthi moja angalau, na akakiri kuwa hana njia ya kuwazuia moja kwa moja. Barabara ni ya umma. Kilichowezekana ni kuyabana mabasi: tangu Mei 2020 kila basi la watalii linapaswa kukata nafasi mapema, na kundi lake likae mjini zaidi ya saa mbili badala ya kushuka, kupiga picha na kutoweka.

Mimi nauona utaratibu huo kuwa hatua sahihi kuliko uzio. Uzio uliwaadhibu wote, pamoja na bibi aliyetaka kulitazama ziwa lake. Utaratibu wa nafasi unamgusa mwenye kampuni ya basi, ambaye ndiye anayepanga Salzburg asubuhi, Hallstatt mchana na Jamhuri ya Czech jioni. Na jambo moja lisemwe waziwazi: lawama zinazoelekezwa kwa Wachina au Wakorea kwa sababu ya asili yao ni dhuluma. Mzee wa Seoul aliyeweka akiba kwa miaka aje kuona Alps ana haki ileile aliyonayo mtu wa Vienna. Tatizo ni saa mbili alizopewa, pamoja na watu 10,000 waliopewa saa hizohizo.

Hoteli nazo zijibu

Lakini wenye hoteli wasitoke katika habari hii wakiwa malaika. Chumba nilicholala kilikuwa zamani sebule ya familia. Kila nyumba inayogeuzwa kuwa vyumba vya wageni ni nyumba moja pungufu kwa kijana anayetaka kuoa na kubaki. Wenyeji wanalalamika kwamba nyumba zimenunuliwa kwa ajili ya likizo na upangishaji wa siku chache, bei zimepanda, na madirisha mengi hayawaki taa majira ya baridi, wiki zile ambazo mlima huzuia jua lisifike kabisa mjini.

Kuna tofauti kubwa kati ya hoteli ya ukoo, ambayo mwenyewe analala ghorofa ya juu na mwanawe yumo katika kikosi cha zimamoto, na nyumba inayofunguliwa kwa tarakimu za siri zilizotumwa kwa simu. Mji wa mbao unategemea majirani. Mwaka 1750 moto uliteketeza katikati ya Hallstatt, ndiyo maana uwanja wa soko una majengo ya mtindo wa baroque. Tarehe 30 Novemba 2019 moto ulizuka tena na kuunguza vibanda vya mbao kando ya ziwa. Ulidhibitiwa kabla haujapanda mlimani. Waliouzima hawakuwa wageni wa wikiendi.

Kwa hiyo hoja ya "wageni wa kulala" ina mipaka yake. Vitanda vikizidi watu, mji unabaki hoteli moja kubwa yenye kanisa. Austria ina sheria na mapato ya kulizuia hilo, na Hallstatt ingeanza kwa kukataa kibali cha kugeuza nyumba nyingine yoyote ya familia kuwa ya kupangisha kwa siku.

Sisi je?

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ileile ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Jaribu kutembea katika mitaa ya Shangani au Kiponda, Mji Mkongwe, uhesabu nyumba ambazo bado zina familia na zile zenye dawati la mapokezi. Baadhi ya hoteli hizo zimeokoa majumba yaliyokuwa yanaporomoka, na zinastahili shukrani. Tulishaona gharama ya kuchelewa tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit-al-Ajaib ilipoanguka na kuua mafundi wawili.

Lakini watu wengi wa Mji Mkongwe walishahamia ng'ambo ya mji, na baraza zao sasa zinakaliwa na wauza safari. Meli kubwa za kitalii nazo hushusha mamia ya wageni asubuhi na kuwapakia jioni, wakiwa wameshapita Forodhani, soko la Darajani na duka la viungo. Hao ni wageni wa kupita, na hesabu yao ni ileile ya Hallstatt.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985. Ina nafasi ambayo Hallstatt haikuipata: kuweka kikomo kabla wenyeji hawajafunga barabara. Ipange nafasi za meli na makundi, ichapishe kila mwaka idadi ya nyumba zenye wakazi katika kila mtaa, na ishurutishe kila anayepewa kibali cha hoteli ndani ya nyumba ya kale kuacha sehemu ya jengo kwa familia za Kizanzibari kwa kodi wanayoimudu. Lamu ifanye hivyohivyo, hasa katika kijiji chake cha Shela.

Nawe msomaji, ukijaliwa safari ya mji wowote wa aina hii, uwe wa Alps au wa Pemba, panga kulala. Chagua nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo, kula chakula cha hapo, na uwape wenyeji nafasi ya kukusalimu.